Mende, kunguni na mfuko wa mpangaji

Sehemu kubwa ya pesa tunayotumia kupambana na wadudu majumbani hununua kitu kimoja tu: kuwaona wamekufa. Unapuliza dawa ya kopo chini ya sinki, mende kadhaa wanapinduka chali, unawafagia, unalala na moyo mweupe. Wiki mbili baadaye wamerudi, nawe unarudi dukani. Dawa haikukudanganya, kwani iliua iliowagusa. Lakini mende unayemwona ni sehemu ndogo ya waliomo ndani, na mayai hayakuguswa kabisa. Anayetaka kulinganisha bei za dawa na huduma asianze na bei iliyobandikwa kwenye kopo. Aanze na swali hili: shilingi ninayoitoa inafika kwenye maficho na kwenye mayai, au inaishia kwa mdudu aliyejitokeza?

Hapa nitashughulika na wawili, mende wa jikoni na kunguni wa kitandani, kwa kuwa hao ndio wanaokamua mifuko ya wapangaji mwezi hadi mwezi, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi. Mchwa ni suala la jengo zima na msingi wake, na kwa kawaida ni mzigo wa mwenye nyumba. Sisimizi wengi humalizwa kwa kuosha njia yao kwa maji ya sabuni na kuziba ufa wanaopitia. Usimwite fundi kwa ajili yao. Bei nitakazotumia ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania, ili hesabu ionekane. Weka za duka lako na za mtaa wako, hesabu itakwenda vilevile.

Kabla ya kununua chochote, mjue mende wako. Mende mkubwa mwekundu-kahawia, yule anayeruka usiku na kuwatoa watu mbio sebuleni, kwa kawaida hakai jikoni kwako. Makao yake ni chemba, karo na shimo la choo, naye hupanda kupitia bomba na mfuniko uliopasuka. Kumpulizia dawa ndani ya nyumba ni kazi isiyokwisha. Kipande cha wavu wa chuma juu ya bomba la hewa, mfuniko wa chemba uliokaa sawasawa, na kizibo kwenye tundu la kutolea maji bafuni vinafanya kazi kubwa kuliko makopo ya mwaka mzima, na unavilipia mara moja.

Mende mdogo wa rangi ya kahawia isiyoiva, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ndiye adui wa kweli wa jikoni. Huyu anazaliwa, anakula na anazeeka ndani ya kabati lako, nyuma ya friji kwenye joto la mota, ndani ya bawaba za milango, hata ndani ya redio na maikrowevu. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 na hukiachia mayai yanapokaribia kuanguliwa. Kwenye joto la pwani, makinda hukomaa kwa muda wa miezi miwili hivi. Ukiwaua wazazi na kuwaacha wajukuu, umelipia likizo fupi.

Tuanze na kopo. Tuseme moja ni shilingi 8,000 na nyumba yenu inamaliza mawili kwa mwezi. Hiyo ni 16,000 kwa mwezi, 192,000 kwa mwaka. Dawa nyingi za kopo zimo kwenye kundi la pairethroidi. Utazitambua kwenye lebo kwa majina yenye kuishia na "thrin", kama permethrin, cypermethrin na deltamethrin. Zinaangusha mdudu upesi, na ndiyo maana tunazipenda. Lakini pia zinawakera mende na kuwafukuza, hivyo walio ndani ya ufa husogea ndani zaidi au huhamia chumba cha pili. Na mende wadogo wa mijini, duniani kote, wamekuwa sugu kwa kundi hili kwa miongo kadhaa sasa.

Yale makopo yanayofyatua moshi wote kwa mkupuo mmoja ukiwa umefunga nyumba na kutoka, mimi nisingeyanunua hata kwa nusu bei. Mwaka 2019 watafiti wa North Carolina State University, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya ndani ya nyumba za watu. Nyumba zilizotumia makopo ya moshi zilibaki na mende wao, ilhali dawa ilikuwa imetapakaa sakafuni na kwenye kaunta za jikoni kwa viwango vilivyopanda mara mamia. Nyumba zilizowekewa chambo cha jeli zilipunguza mende kwa kiasi kikubwa. Mshindi wa jaribio lile ndiye ambaye wengi wetu hatumwoni dukani, kwa sababu ni kisirinji kidogo kinachoning'inia nyuma ya makopo yenye picha za kutisha.

Jeli ni chakula chenye sumu ya taratibu. Mende anakula, anarudi mafichoni, anafia huko. Wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, na baadhi ya sumu hizo zinaendelea kuua kwa njia hiyo. Hivyo dawa inabebwa na mende mwenyewe hadi mahali ambapo mkono wako haufiki. Tafuta kwenye lebo majina kama fipronil, indoxacarb au imidacloprid. Sirinji ya gramu 30, ukiitumia kwa vitone vidogo vya robo gramu, inatoa vitone 120, vinavyotosha jiko la kawaida na vinabaki vya bafuni. Tuseme moja ni 15,000. Nunua mbili mwanzoni, kisha moja moja mara mbili katika mwaka. Jumla ni 60,000. Dhidi ya makopo, umebaki na 132,000 mfukoni.

Ila jeli ina masharti yake, na wengi wanaosema "nimejaribu haifanyi kazi" wameyavunja bila kujua. Vitone viwe vidogo na vingi, viwekwe kwenye bawaba, pembe za droo, nyuma ya jiko la gesi, chini ya ukingo wa sinki, siyo katikati ya sakafu. Usipulize dawa ya kopo karibu na jeli, maana mende wataikwepa. Ficha chakula kingine: mende mwenye ukoko wa ugali kwenye sufuria hana sababu ya kugusa chambo chako. Na usitegemee mizoga asubuhi ya pili. Subiri wiki mbili, angalia vitone vilivyoliwa, ongeza pale palipoliwa. Siku chache za kwanza unaweza kuwaona wengi zaidi, tena mchana, wakiyumba, hao wameshakula.

Kwa asiye na hata hiyo 30,000 ya kuanzia, kuna unga wa asidi ya boriki, unaopatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa. Changanya kidogo na sukari na unga wa ngano, weka kwenye vifuniko vya chupa nyuma ya kabati. Unaua polepole kuliko jeli, na kwa unyevu wa Tanga, Unguja au Mombasa hugandamana na kupoteza nguvu, hivyo ubadilishwe mara kwa mara. Kwa bei hauna mpinzani, maana 10,000 inaweza kukutosha mwaka. Ni sumu kwa mtoto akila kwa wingi. Nyumba yenye mtoto atambaaye, vifuniko hivyo vikae mahali asipofika kabisa. Chaki ya mende nayo ni rahisi, lakini ni pairethroidi tu iliyogandishwa, mara nyingi bila lebo inayoeleweka, na mtoto anaiona kama chaki ya shule. Hiyo niiache hapo.

Kuna sababu nyingine ya kuwamaliza mende badala ya kuwapunguza. Vumbi la maganda na kinyesi chao huchochea pumu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu watoto wa miji ya Marekani ulionyesha kwamba wenye mzio wa mende waliokaa nyumba zenye mende wengi walilazwa hospitali kwa pumu mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwenye mtoto wa pumu aiweke gharama ya dawa za kifua kwenye hesabu hii.

Kunguni ni kazi nzito zaidi. Haambukizi ugonjwa wowote unaojulikana, lakini anaiba usingizi, anachubua ngozi za watoto, na anampa mtu aibu inayomfanya anyamaze. Ukimya huo ni ghali. Anayeficha anapulizia peke yake usiku, jirani naye anapulizia peke yake, na kunguni wanapita kwenye ufa wa ukuta wakibadilishana vyumba. Kunguni hana uhusiano na uchafu. Anaingia na sanduku la mtoto aliyetoka bwenini, na begi lililolala kwenye buti la basi, na kochi la mtumba lililonunuliwa kwa bei nzuri. Nyumba iliyopigwa deki mara mbili kwa siku inampokea vilevile.

Jike hutaga mayai machache kila siku, mamia katika uhai wake. Mayai huanguliwa kwa wiki moja hivi kwenye joto letu, na kinda hupitia hatua tano, kila moja ikihitaji mlo wa damu, hadi kukomaa kwa zaidi ya mwezi kidogo. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kuhama chumba kwa wiki mbili "wafe njaa" hakusaidii. Dawa nyingi za kupuliza haziui mayai. Jambo hilo moja linapaswa kukuongoza katika kila shilingi utakayotoa: matibabu ya mara moja, yawe ya bei gani, hayajakamilika.

Na upande wa usugu, sisi tuna ushahidi wa nyumbani. Vyandarua vyenye dawa vilipoingia vijijini Tanzania, watu walifurahi kuona kunguni nao wanakufa. Haikudumu. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kaskazini mashariki mwa nchi walichapisha habari za kunguni wa nchi za joto waliokuwa sugu kwa pairethroidi, mahali vyandarua hivyo vilikuwa vimetumika. Kopo lenye "thrin" unalompulizia kunguni leo linakutana na kizazi kilichokwishaonja dawa ya aina hiyo.

Kitu ambacho kunguni hajakizoea ni joto. Kwenye nyuzi 48 mkubwa hufa ndani ya nusu saa, ila mayai yanaweza kustahimili zaidi ya saa nzima. Ukivuka 55 mambo huisha upesi kwa wote. Maji yaliyochemka huvuka hapo kwa mbali. Vunja kitanda, toa chaga zote, mimina maji yanayochemka kwenye viungio, matundu ya misumari na mashimo ya skrubu, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Shuka, vitenge, pazia na chandarua visivyoharibika viloweke kwenye maji ya moto sana, visivyovumilia maji vipigwe pasi, hasa kwenye mishono. Kuanika godoro juani, njia tunayoipenda wote, kunatoa unyevu na harufu lakini mara nyingi hakuui: upande wa juu unawaka, kunguni anahamia chini kwenye kivuli.

Mafuta ya taa kwenye chaga yameunguza nyumba. Tusiyarudie.

Godoro lenyewe ndilo linalowaingiza watu hasara kubwa zaidi. Familia imechoka, inalitupa, inanunua jipya kwa 250,000 tuseme, inalitandika juu ya kitanda kilekile, karibu na ukuta uleule wenye nyufa. Mwezi hauishi. Mfuko wa godoro wenye zipu, ulioshonwa na fundi cherehani kwa kitambaa kizito, kwa 35,000 hivi, unawafungia ndani waliobaki na kuwanyima wapya pa kujificha. Mwisho wa zipu uzibe kwa utepe wa gundi, maana mwanya wa hapo unamtosha kinda, na usiuvue kabla ya mwaka kupita. Ukilitupa godoro hata hivyo, lichane kabla, ili mwingine asiliokote na kulipeleka kwake.

Sogeza kitanda kutoka ukutani, shuka isiguse sakafu, kila tendegu ulisimamishe ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Bibi zetu walifanya hivi, na walikuwa na sababu nzuri kuweka maji badala ya kutegemea kopo kavu, kwa kuwa kunguni wa nchi za joto anaweza kupanda ukuta laini ambapo binamu yake wa nchi za baridi huteleza. Makopo hayo pia ndiyo yatakayokuambia ukweli. Ukikuta kunguni ndani yake wiki ya tatu, kazi haijaisha.

Hesabu ya chumba kimoja, basi. Mkaa au gesi ya kuchemshia na sabuni, 10,000. Mfuko wa godoro 35,000. Saruji kidogo au puti ya kuziba nyufa, 10,000. Jumla 55,000, na jasho la siku nzima. Fundi wa kupuliza dawa, tuseme 30,000 kwa chumba kwa safari moja, safari mbili 60,000. Ukichanganya vyote unafika 115,000. Kama kunguni ni wachache na umewawahi, anza na 55,000 peke yake, rudia maji ya moto baada ya siku kumi, ukague. Kama wameshaonekana kwenye ukuta, dari au kochi, usijitese. Mwite fundi, lakini kazi ya maji ya moto uifanye kwanza, kwa sababu dawa yake itakuta maficho machache. Makopo mawili kwa mwezi, kwa miezi sita, yangekugharimu 96,000 na ungebaki nao.

Ipo bei ya chini kuliko zote hizi, na ndiyo inayonitia hofu. Kipaza sauti kinapita mtaani, dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, chupa ya maji iliyojazwa kimiminika cheupe, 2,000 au 3,000. Haina lebo. Mara nyingi ndani yake kuna dawa ya shambani iliyogawanywa, ya nguvu isiyokusudiwa mahali watu wanapolala. Dawa iliyosajiliwa ina jina la kiambata, namba ya usajili na utepe wa rangi unaoonyesha ukali wake: kijani na bluu chini, njano juu yake, nyekundu juu kabisa. Nyekundu haina nafasi chumbani. Tanzania usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha. Kenya uko chini ya bodi inayofahamika kwa kifupi PCPB, chini ya Sura ya 346 ya sheria za nchi hiyo. Chupa isiyo na lebo ina hatari nyingine iliyo wazi: mtoto mwenye kiu anaona maji au maziwa. Na hospitalini daktari atakuuliza alikunywa nini, nawe hutakuwa na jibu.

Kibaya kuliko chupa ni vidonge vya kuhifadhia nafaka. Vinatengenezwa kwa fosfidi ya alumini, na vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, isiyo na dawa ya kuipinga mwilini. Watu huviweka chumbani, hufunga mlango, hutoka. Katika nyumba zetu nyingi za kupanga kuta hazifiki paa, au zimetenganishwa na dari nyepesi. Gesi inamkuta jirani amelala na wanawe. Katika Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi na kupanga vyumba kwa kubanana, wapangaji wamekufa kwa gesi iliyotoka chumba cha jirani. Hakuna bei inayofanya vidonge hivi viwe chaguo la nyumbani. Ukimwona fundi anavitoa mfukoni, mwambie aondoke, kisha wajulishe majirani.

Faida kubwa zaidi ya kifedha ipo mahali wapangaji hawapendi kwenda: kikao cha nyumba nzima. Chukua nyumba ya vyumba sita. Mmoja akipuliza peke yake kwa 60,000, wadudu wanahamia vyumba vitano na kurudi. Wote sita wakimwita fundi siku moja, bei ya chumba inaweza kuteremka hadi 20,000, safari mbili 40,000 kwa kila mmoja, jumla 240,000, na wadudu hawana pa kukimbilia. Baba mwenye nyumba aombwe kubeba kuziba nyufa, wavu wa chemba na dari, kwa sababu hayo ni ya jengo lake na yatabaki mkihama. Anayeanza kupanga aombe yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, na siku ya kukagua chumba aende na tochi: madoa meusi madogo kama nukta za wino kwenye pembe za ukuta na fremu ya mlango ni kinyesi cha kunguni. Ukiyaona, bei ya kumaliza kunguni iingie kwenye mazungumzo ya kodi.

Fundi naye aulizwe kwa heshima, kabla hajashusha pampu. Kaka, dawa hii inaitwaje, naomba nione lebo? Una kibali? Watoto warudi ndani baada ya saa ngapi? Mara ya pili unakuja lini, na imo kwenye bei hii? Anayejua kazi hajibu kwa hasira, na atakutaka uandae chumba kabla hajaja: nguo zifungwe kwenye mifuko, kabati litoke ukutani, kitanda kifunguliwe. Anayesema hakuna haja ya maandalizi wala ya kurudi, mwache hata kama bei yake ni nusu. Mkikubaliana, mlipe nusu siku ya kwanza, na nusu ya pili siku atakaporudi, kati ya siku ya 10 na ya 14, baada ya kukagua pamoja naye makopo yaliyo chini ya matendegu.